Orodha Iliyobaki Ndani ya Droo

Walinitafuta kwa sababu ya mwandiko wangu. Maman Nabintu alikufa Jumanne, na kesho yake mjukuu wake akaja kugonga mlangoni kwangu, akaniambia fundi amekwisha kuchonga msalaba, rangi nyeupe imekauka, na pale kilioni hakuna mwenye herufi nzuri kama zangu. Nimepita miaka sabini, mkono umeanza kutetemeka, lakini mtaa mzima wa Kadutu, hapa Bukavu, bado unaamini kwamba mtu aliyewahi kuwa sekretari wa parokia anaandika vizuri mpaka kaburini. Nilichukua burashi na kikopo cha rangi nyeusi, nikapanda mlima polepole, nikisimama kila baada ya hatua chache kuvuta pumzi. Njia nzima nilikuwa najiuliza swali moja, na nililijua tangu zamani: nitaandika jina gani? Wengine wangeona ni swali dogo. Kwangu lina umri wa zaidi ya miaka hamsini, na safari ya kwanza nilipoulizwa nilijibu vibaya.

Mwaka ule ulikuwa wa kwanza baada ya Serikali kukataza majina ya ubatizo. Vijana wa leo wanacheka nikiwaambia, lakini sisi hatukucheka. Zaïre ilitaka kila raia awe na jina la mababu, basi. Jean na Marie wakafutwa, karte za utambulisho zikaandikwa upya, Monsieur akawa citoyen, yaani raia, Mademoiselle akawa citoyenne, na padri atakayethubutu kumbatiza mtoto kwa jina la kigeni aliahidiwa gereza. Mimi, ambaye kwenye karte nilikuwa Faida tu, nilikuwa na miaka kumi na tisa na kazi niliyojivunia kuliko nguo zangu zote: kupiga mashine katika ofisi ya parokia. Kilikuwa chumba chembamba nyuma ya sakristia, kinanuka nta ya mishumaa na makoti yaliyonyeshewa, na dirisha lake moja lilitazama korongo. Kulikuwa na meza, mashine, kabati la vitabu vya ubatizo, na droo isiyokuwa na ufunguo. Abbé, padri wetu, alikuwa akiingia asubuhi na kuniita Mademoiselle kwa sauti kubwa, makusudi, ili watu wa nje wasikie kwamba haogopi. Nami nilikuwa nafurahi, kwa maana kuitwa Mademoiselle mwaka ule kulikuwa kama kupewa nishani.

Kila Jumatatu Maman Nabintu alikuja kufagia chumba kile, na parokia ikampa kopo la maziwa ya unga kwa ajili ya watoto. Alikuwa mjane, mumewe alikuwa mbeba mizigo sokoni Nyawera mpaka kifua kilipomshinda. Shule hakuona. Lakini alipopata karte mpya aliiweka mezani kwangu, akanionyesha mstari wa jina. «Binti yangu, hapa banasema nini?» Nikamsomea: Nabintu. Akaomba nilipige kwenye mashine, alione likitoka. Nililipiga mara tatu kwenye kipande cha karatasi, naye akakikunja na kukiingiza kwenye kitambaa cha kichwa. Baada ya wiki mbili aliweza kulitambua jina lake popote, hata katikati ya mistari mingine, na hilo lilikuwa neno pekee alilolisoma maishani mwake. Nilijiona mwalimu mkubwa siku ile.

Nyumba yake ilikuwa hatua mia moja chini ya parokia, ukingoni mwa korongo. Anayeijua Kadutu anajua udongo wake: kiangazi ni mgumu, mvua zikianza unatembea. Kuta zilikuwa za miti na udongo, paa la madumu yaliyopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo, na nyuma ya kitanda ulipita ufa kutoka juu mpaka chini. Maman Nabintu aliupima kwa mkono wake. Mwezi wa tisa kidole kimoja kiliingia. Noeli, vidole vitatu. Aliuziba kwa matambara, mvua ikayatoa, akayarudisha. Nilikula mara nyingi katika chumba kile, bugali na mboga za lengalenga, na Jumapili ndagala za Uvira kama zilipatikana, sote tukizunguka sahani moja na watoto wake wanne. Nsimire, wa kwanza, alikuwa na miaka kumi na moja, alikuwa wa pili darasani, na alikuwa akila haraka ili apate kunionyesha daftari lake kabla mwanga haujaisha. Kitanda walikuwa wamekisogeza mbali na ukuta. Walilala watano upande mmoja wa chumba, ule upande mwingine wakauachia mlima.

Basi Abbé alianzisha komite. Lazima niseme ukweli: neno lake lilikuwa jema. Alihubiri mwezi mzima kwamba familia ni kanisa dogo, na kanisa haliwezi kusimama juu ya udongo unaotembea. Serikali ilikuwa imepima viwanja vipya kwenye tambarare, upande wa Panzi, na uvumi ulikuwa kwamba vitagawiwa kwa watu wa chini. Abbé akaandika barua, mimi nikaipiga, na mpaka leo naikumbuka karibu yote. Ilidai mambo mawili: viwanja kwa familia arobaini za makorongo ya Kadutu, tena kwa masharti ambayo mjane anayaweza, na msaada wa familia kwa watoto wa wasio na mwajiri, kwa sababu allocation familiale ilikwenda kwa watoto wa wenye kazi za ofisi peke yao, kana kwamba mtoto wa mbeba mizigo tumbo lake ni la namna nyingine. Kila Jumamosi tulikutana kwenye sali, ule ukumbi wa katekisimu. Mwenyekiti alikuwa Papa Murhula, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole aliyekohoa kabla ya kila sentensi. Tulijadili haki, tukanukuu manabii, halafu Maman Nabintu akaleta sufuria ya maharage yenye mawese mengi. Alikuwa anapika yeye, wa kwanza katika orodha ya wenye shida, kwa ajili ya watu waliokutana kuzungumza shida yake. Tulikula. Yeye alingoja nje, mlangoni, mpaka sufuria irudi. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyemwita aingie aketi, na kwa hakika mimi sikumwita.

Orodha ya zile familia niliitoa kwenye vitabu vya ubatizo, kwa sababu parokia haikuwa na vitabu vingine. Nilipofika kwake niliandika: Véronique, binti wa Cirhuza. Jumatatu iliyofuata alikuwa anafagia, nikamsomea kwa furaha, nikidhani atacheka. Akasimama na ufagio mkononi.

«Véronique ni nani mu bureau ya Leta?»

«Ni weye, Maman.»

«Ku kanisa, ndiyo. Mais bale batu ba Leta banijue namna gani? Karte yangu inasema Nabintu. Binti yangu, andika ile ya karte. Mungu hatanipoteza juu ya karatasi.»

Leta ndiyo Serikali, na kila mtu wa Bukavu anajua kwamba Leta haina masikio, ina macho tu, na macho yake yanasoma karte. Mwanamke asiyejua kusoma aliliona hilo kwa dakika moja. Nilikwenda kumwambia Abbé. Aliniangalia kwa huruma, akaweka kalamu chini. «Mademoiselle, tukiandika majina yao, tutakuwa tumekubali kwamba ubatizo si kitu. Barua hii inatoka kanisani. Itakwenda na majina ya kanisa.» Jumamosi aliyarudia mbele ya komite, kwa maneno mazuri zaidi, na watu wakapiga makofi. Papa Murhula alikohoa, akafungua mdomo, akaufunga. Nami nilipiga makofi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na hakuna kitu kinacholevya katika umri ule kama kuwa upande wa mashujaa bila wewe mwenyewe kupigwa.

Hata hivyo usiseme sikufikiri. Jioni mbili zilizofuata nilizunguka nyumba kwa nyumba, nikaomba karte, na nikapiga orodha ya pili: majina yaleyale arobaini, lakini ya karte, na namba zake. Niliikunja nikaiweka ndani ya mfuko wangu. Siku nilipoimaliza, nilipita karibu na chumba cha kulia cha mapadri, ambako Abbé alikuwa na mgeni, padri kutoka parokia nyingine. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Juu ya meza kulikuwa na mkate na jibini, na kahawa ilinukia mpaka kwenye ukumbi. Mgeni aliuliza kama haogopi kwamba barua itakataliwa. Abbé akacheka. «Lakini wacha wakatae! Wakikataa, ndiyo itaonekana wazi wao ni nani.» Nilisikia kijiko kikizunguka kikombeni. Niliendelea kutembea, na katika ukumbi ule nilielewa yote ambayo nilihitaji kuelewa: kwamba barua yetu haikuandikwa ili ikubaliwe. Mtu akiniambia leo kwamba nilikuwa mtoto, sikujua, namshukuru kwa wema wake, lakini nilijua.

Tulikwenda Ibanda siku ya Alhamisi, Abbé, Papa Murhula na mimi niliyebeba dosye, jalada lenye barua na orodha. Tulishuka kwa miguu, tukapita Nyawera katikati ya magunia ya makaa na wamama wa mihogo, na watu wakamwamkia Abbé kama anayekwenda vitani. Ofisi iliyogawa viwanja ilikuwa katika villa ya zamani ya Mzungu, karibu na ziwa, sakafu ya vigae vyekundu, na ndani ya bafu lisilotumika walikuwa wamepanga madosye mpaka kwenye bomba. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na shetani. Tulimkuta mtu mnene kidogo, mwenye abakosti, lile koti la enzi ile lisilovaliwa tai, iliyofifia kwenye viwiko, ambaye alitukaribisha viti na kusoma barua yetu mpaka mwisho, huku anatingisha kichwa. «Hii barua ni ya kweli,» alisema. Halafu akafungua orodha, na uso wake ukachoka.

«Citoyen abbé, hii miye nifanye nayo nini? Véronique. Alphonse. Mu Zaïre hakuna Alphonse. Nikiipeleka juu, banaifunga, na miye pamoja nayo.»

«Ni watu, wako hai, wanaishi Kadutu,» akasema Abbé.

«Najua ni batu! Miye pia nilibatizwa.» Alishusha sauti, akatazama mlango. «Muniletee majina ya karte. Parcelle za Panzi ziko. Samedi saa sita nafunga dosye. Muniletee kabla ya pale, nitaandika miye mwenyewe, mpaka Pasaka banakuwa na fasi yabo.»

Papa Murhula alimgeukia Abbé. Alikohoa mara mbili, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba macho yake yanamwomba. Abbé alikuwa amekwisha kusimama. Alisema kwa sauti ya mimbari kwamba kanisa halibadilishi ubatizo wa watu wake ili kupendeza ofisi, na kwamba historia itakumbuka. Orodha ya pili ilikuwa ndani ya mfuko wangu, juu ya magoti yangu. Mkono wangu ulikuwa kwenye kifungo chake. Yule mtu wa abakosti aliniangalia mimi, sijui kwa nini mimi, labda kwa sababu nilikuwa nimeshika mfuko kama mtu anayezuia kuku asitoroke. Ningeweza kuifungua. Ningeweza kusema, «Citoyen, hii hapa.» Maneno matatu. Nilisimama nikamfuata Abbé, na nje, kwenye jua, yeye akanipongeza kwa kuwa nimesimama imara.

Ilibaki Ijumaa nzima na nusu ya Jumamosi. Hapo ndipo nimekaa kwa miaka yote hii, katika siku ile moja na nusu. Ofisini mwa yule mtu niliweza kujidanganya kwamba niliona haya mbele ya padri wangu. Lakini Ijumaa sikuwa na padri mbele yangu. Nilikuwa na miguu miwili na njia ninayoijua. Niliogopa Abbé asije akasikia, niliogopa kutoitwa tena Mademoiselle, niliogopa kukosa nafasi yangu mezani Jumamosi, ambako hadithi ya ushujaa wetu ingesimuliwa nami nimo ndani yake. Nikaitoa ile orodha kwenye mfuko, nikaiweka ndani ya droo, chini ya bahasha. Jumamosi saa sita ilipogonga nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Tulikuwa tunajifunza wimbo wa Matawi, sauti ya pili ilikuwa ngumu, na mwalimu wa kwaya alinisifu. Baadaye tulikula maharage ya Maman Nabintu. Aliniuliza mlangoni, taratibu, kama walituitikia. Nilimwambia tungoje.

Viwanja vya Panzi vilipata wenyewe kabla ya Pasaka, watu wenye karte nzuri na wenye ndugu maofisini. Mwezi wa nne mvua ilinyesha siku tatu bila kupumzika, na Jumapili, tukiwa misani, nyumba ya Maman Nabintu ilikwenda. Haikuanguka, ilikwenda tu, na kitanda, na paa la madumu, na daftari za Nsimire, mpaka chini korongoni. Wote watano walikuwa kanisani. Abbé aliambiwa kabla ya baraka ya mwisho, akatangaza muujiza, akatuinua tuimbe. Nilimwona Maman Nabintu katikati ya watu waliokuwa wanaimba, ameshika mtoto wake mdogo kwa vazi, mdomo umefungwa. Muujiza ule uliwagawa hivi: Nsimire akapelekwa Bunyakiri kwa mjomba wake, ambako hapakuwa na mtu wa kumlipia shule, na kabla ya miaka kumi na saba alikuwa ameolewa, wavulana wawili walikwenda kwa shangazi upande wa Mwenga, wakaingia mashimo ya dhahabu, na mmoja hakurudi, mdogo akabaki na mama yake, wakalala katika stoo ya parokia juu ya magunia, pamoja na makopo ya maziwa. Kanisa dogo lile halikuketi tena kwenye sahani moja. Na Jumatatu yeye alikuja kufagia kama kawaida.

Abbé alikwenda Ulaya kusoma, akarudi mkubwa. Kwenye jubilei yake ya upadri alisimulia habari ya barua: jinsi walivyotaka kufuta ubatizo wa maskini wa Kadutu, na jinsi maskini walivyokataa. Kanisa zima lilipiga makofi. Kufikia wakati ule majina yalikuwa yamekwisha kurudi, kimya kimya, bila mtu kuomba radhi. Wajukuu wangu wana majina mawili kwenye pasipoti na hakuna anayewauliza. Maman Nabintu aliketi pembeni yangu kwenye benchi. Naye alipiga makofi, taratibu, mara tatu, kisha akarudisha mikono yake ndani ya kitenge. Sikuweza kumtazama. Nilimpenda mwanamke yule, nilimsalimu kila wiki kwa miaka hamsini, nilimpelekea sukari na dawa, na kamwe sikumwambia habari ya droo. Nilijiambia kwamba kumwambia ni kujitua mzigo mimi na kumtwisha yeye. Ni sababu nzuri. Watu wa parokia tuna sababu nzuri nyingi.

Kilioni walinikalisha uani, msalaba ukiwa umelazwa juu ya viti viwili. Nsimire alitoka ndani kuja kunisalimu. Ni mama mzee sasa, amenenepa, miguu inamuuma, alikuja kutoka Bunyakiri kwa lori usiku kucha. Nikamwuliza, kwa sauti ambayo nilijaribu kuifanya ya kazi tu, niandike lipi. Aliketi kwenye kigoda, akanyoosha mguu.

«Tantine Faida, ile liste ingine, Mama aliiona.»

Nilishika burashi.

«Siku moja ya kufagia. Mvua ilikuwa imeingia ku dirisha, akafungua tiroir yako juu ya kupanguza maji. Akaona jina yake. Alijua ni yake, ulimufundisha weye.»

«Lini?»

«Nyumba ilikuwa ingali imesimama.»

Ndani ya nyumba wanawake walikuwa wameanza wimbo mwingine. Niliuliza, kwa sababu ilinibidi niulize, mama yake alisema nini.

«Alisema: Faida aliandika muzuri. Aliogopa tu.» Nsimire alipangusa uso kwa ncha ya kitenge, akanitazama bila hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. «Miye nilikuwa nakasirika, sikufichi. Kule Bunyakiri nilikuwa nakasirika sana. Yeye hapana. Alikuwa anasema, atakuja kuniambia siku moja, tumungojee.»

Kwa hiyo alinisubiri. Kila Jumatatu na ufagio, kila wiki na sukari yangu mkononi, kwenye benchi ile ya jubilei, alikuwa ananisubiri niseme, na alikufa Jumanne.

«Andika yote mbili,» Nsimire akasema, akiinuka. «Usituchagulie tena.»

Ubao wa msalaba ulikuwa mfupi, fundi hakupima kwa majina mawili. Nilichovya burashi, nikaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto ili usitetemeke. Nikaandika Nabintu kwanza, kwa herufi kubwa, kama lilivyotoka kwenye mashine, na Véronique nikalibana chini yake, mahali palipobaki.